Mashine ilisoma 0.41: je, namba hiyo inatosha kunitia hatiani?

"Shikamoo wakili. Mwezi wa 11 nilikuwa Nyangao kwa wakwe zangu, shemeji alikuwa anaoa. Msimu wa mabibo ndio huo, uraka, pombe yake, ulikuwa wa kumwaga. Nilikunywa tangu alasiri, na wakati wa kurudi Lindi mjini nikatiliwa mwingine kwenye chupa ya maji, nikawa napiga funda njiani. Saa 4 usiku, pale Mnazi Mmoja, trafiki wakanisimamisha. Nilipoona tochi nikaumalizia uliobaki. Wakaniambia nipulize, mashine ikaandika 0.41, askari akasema 'umezidi'. Sikupewa karatasi yoyote. Nikalala mahabusu, hospitali sikupelekwa, saa 3 asubuhi nikatoka kwa dhamana na kupewa tarehe ya kwenda mahakamani. Kirikuu yangu sikuiyumbisha wala sikugonga mtu. Jamaa mmoja ananiambia bila karatasi hakuna kesi. Mwingine anasema mahakama ilishaviharamisha vile vipima ulevi. Shemeji mwenyewe anasema nikakiri tu, nilipe faini, yaishe. Nishike lipi?"

Marahaba, ndugu yangu. Nikugombeze kidogo kwanza, kisha tuyaache. Kunywa arusini ni jambo moja. Chupa ya uraka katikati ya mapaja, usiku, kwenye barabara ambayo baiskeli hazina taa na watu wanarudi ngomani kwa makundi, ni jambo lingine kabisa. Nimewahi kusimama upande wa familia ya mtu aliyegongwa, kwa hiyo siandiki haya ili walevi wapate mlango wa kutokea. Naandika kwa sababu mtu akishitakiwa, hata kama ana makosa, kesi yake lazima ithibitishwe kwa ushahidi unaokubalika, na wewe umezungukwa na washauri watatu ambao kila mmoja amekupoteza kwa njia yake.

Hofu yako nimeielewa hivi: unaiona 0.41 kama hukumu iliyokwisha kuandikwa, kilichobaki ni kwenda kusomewa tu. Sivyo. Ila pia si hewa tupu kama jamaa yako wa kwanza anavyodhani. Namba inayotoka kwenye kipima ulevi ni kama uzito wa gunia la korosho. Mkulima wa Mtama au Newala hakubali kuambiwa "kilo 72" na mtu aliyeshika mizani asiyoijua. Anataka aione mizani yenyewe, aione stika ya Wakala wa Vipimo, amjue aliyepima, na risiti iandikwe jina lake, si la jirani. Asipovipata hivyo, hiyo ni kangomba, biashara ya magendo. Mahakama nayo inaiuliza namba yako maswali yaleyale, na wa kuyajibu ni upande wa mashtaka, si wewe.

Nimalizane na jamaa wa pili haraka. Alichokisikia ni cha Kenya. Mwezi Aprili 2017, Mahakama ya Rufaa ya kule ilizikataa kanuni za mwaka 2011 zilizotumika kuwashitaki madereva kwa kipimo cha pumzi, kwa kuwa hazikuoana na sheria mama ya trafiki. Habari ile ikavuka mpaka kwa WhatsApp na mpaka leo inazunguka huku kwetu kama vile ilitolewa Dodoma. Hukumu ya Nairobi haimfungi hakimu wa Lindi. Tanzania kipima ulevi ni halali, na ukikataa kupuliza bila sababu ya msingi unajiongezea tatizo jingine juu ya hilo ulilonalo. Ulifanya vizuri kupuliza.

Sasa sheria yetu. Ni Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ya mwaka 1973, na ndani yake kuna makosa mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Kiini chake ni hali yako: ulikuwaje, uliendeshaje. La pili ni kuendesha huku kilevi kwenye damu kimezidi kiwango kilichowekwa, yaani miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Kwa kosa hili unaweza kuwa umesimama wima kama nguzo ya umeme na bado ukawa na hatia.

Liangalie neno nililoandika hapo: damu. Sheria hii ilifuata mkondo wa Uingereza, ambako sheria ya 1967 ndiyo iliyoleta kipimo cha pumzi barabarani pamoja na kiwango hichohicho cha 80. Katika mkondo ule, pumzi ilikuwa ya kumpa askari sababu ya kukukamata. Kiwango chenyewe kilithibitishwa maabara, kwa damu au mkojo. Waingereza walisubiri hadi miaka ya 1980 ndipo pumzi, tena kwa mashine maalumu, ikaruhusiwa kusimama peke yake kama ushahidi wa kiwango. Sheria yetu imebaki na mgawanyo wa zamani, kipimo cha pumzi huku na kipimo cha maabara kule. Ndiyo maana jambo la kwanza ninalomwambia mteja ni hili: kabla ya kuniambia mashine ilisema nini, nionyeshe hati ya mashtaka inasema nini. Ukishitakiwa kwa kosa la kiwango na hakuna tone la damu yako lililopimwa popote, swali la kwanza kwa mwendesha mashtaka ni kiwango hicho cha damu kimetoka wapi. Ukishitakiwa kwa kosa la kushindwa kulimudu gari, basi 0.41 ni ushahidi wa kusindikiza tu, na mzigo mzima wa kesi uko kwenye namna ulivyoendesha.

(Makusudi sikutajii namba za vifungu. Toleo la sheria zilizofanyiwa urekebu la mwaka 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limezipanga upya namba katika sheria nyingi, na nimeshaona watu wakibishana koridoni kila mmoja ameshika kifungu cha kitabu chake. Soma maneno ya kosa, namba utazikuta.)

Tuje kwenye 0.41. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kesi za namna hii zinapofia au kusimamia. Niambie: 0.41 ya nini?

Vipima ulevi vinavyouzwa duniani havisemi lugha moja. Kuna vinavyoonyesha miligramu za kilevi katika lita moja ya pumzi. Kuna vinavyokukadiria moja kwa moja gramu katika lita moja ya damu. Kuna vinavyoandika asilimia ya kilevi katika damu. Vingine vinaweza kugeuzwa kutoka lugha moja hadi nyingine kwa kubonyeza tu. Kizungumkuti ni kwamba tarakimu zinafanana. Chukua 0.41 yako uipitishe kote. Ikiwa ni miligramu kwa lita ya pumzi, zidisha kwa 2,100, ambao ndio uwiano unaotumika sana kati ya damu na pumzi. Unapata miligramu 861 kwa lita ya damu, yaani 86 kwa mililita 100. Umevuka 80, lakini kwa unywele. Ikiwa ni gramu kwa lita ya damu, hiyo ni miligramu 41 kwa mililita 100, kama nusu ya kiwango, na askari aliyekuambia "umezidi" alikosea. Na ikiwa ni asilimia, ni miligramu 410, kiasi ambacho kwa watu wengi ni koma au kaburi. Usingekuwa unaendesha, wala usingekuwa unaniandikia. Tarakimu ni zilezile tatu, na kila usomaji unaleta mtu tofauti: mmoja amezidi kidogo, mmoja hana kosa la kiwango, mmoja ni maiti.

Nilikuwamo kwenye kesi moja, miaka kadhaa iliyopita, ambapo shahidi alieleza vizuri sana jinsi alivyomsimamisha dereva, akataja na namba. Nikamuuliza swali moja tu, namba hiyo ni ya kipimo gani. Akafikiri, akasema, "Ni ya ulevi, Mheshimiwa." Mahakama nzima ilicheka, na mimi nikacheka, lakini hakimu aliandika jibu lile kama lilivyo. Askari yule hakuwa mwongo. Hakuna aliyemfundisha kwamba ipo siku ataulizwa.

Kwa nini pumzi itumike kukisia damu? Kwa sababu kilevi hakikai tumboni. Kinaingia kwenye damu, damu inapita kwenye mapafu, na ndani kabisa, kwenye vifuko vidogo vya hewa, sehemu yake inageuka mvuke na kutoka na pumzi. Kilevi kikizidi kwenye damu, mvuke nao unazidi kwa uwiano unaojulikana. Mashine nyingi za mkononi zina kitambuzi chenye madini ya platinamu. Mvuke wa kilevi ukigusa pale unaungua kikemia na kuzalisha umeme kidogo sana, na wingi wa umeme huo ndio unaogeuzwa kuwa namba. Haipimi harufu. Karafuu, bigijii, vitunguu na kahawa chungu vinamdanganya askari aliyesogeza pua dirishani, mashine haiwajui. Kahawa inakufanya mlevi aliye macho, basi.

Hiyo 2,100 ni wastani wa binadamu. Wewe si wastani. Kuna mtu ambaye uwiano wake uko juu ya hapo na mwingine uko chini, na hata mtu mmoja hubadilika kwa saa. Waingereza, kwa kutaka kumpa dereva nafuu ya shaka hiyo, walipoweka kiwango cha pumzi cha kulingana na miligramu 80 za damu walichukua uwiano wa 2,300. Mtu aliyesomeka 0.80 ya pumzi, shaka hizi hazimsaidii. Mtu aliyesomeka 0.41, akiwa ukingoni kabisa, zinamhusu sana.

Na kuna lile funda lako la mwisho. Umeandika kwamba ulipoona tochi ukaumalizia uraka uliobaki, kisha ukapuliza. Katika dakika za mwanzo baada ya kunywa, kilevi kinabaki kwenye ulimi, fizi na mashavu, na kinachofika kwenye mashine ni mchanganyiko wa hewa ya mapafu na ya mdomoni. Namba inaweza kupanda mbali na ilivyo damu. Ndiyo sababu kanuni ya upimaji, mahali popote wanapofanya kazi hii kwa uangalifu, ni kumsubirisha mtu kama dakika 15, bila kunywa, kula, kuvuta sigara wala kutapika, ndipo apulize. Wengine hupima mara mbili ili kuona kama namba zinakaribiana. Je, wewe walikusubirisha? Kwa maelezo yako, hapana. Ulipuliza mara ngapi? Ulipuliza kwa muda mrefu mpaka mashine ikalia, au kidogo tu? Hewa ya mwanzo ni ya koo, hewa ya mwisho ndiyo ya mapafu. Kile kimrija cha kupulizia kilikuwa kipya, kilifunguliwa mbele yako, au kilikuwa cha aliyekutangulia? Kajibu maswali hayo kwenye daftari leo, kabla kumbukumbu haijachacha kama uraka wa siku ya tatu.

Mashine yenyewe nayo ina mwaka wake wa kuzaliwa. Kitambuzi kinachoka. Joto la pwani yetu, vumbi la barabarani, na kupimia watu 50 usiku mmoja, vyote vinakisogeza. Ndiyo maana watengenezaji hutaka kihakikiwe kila baada ya muda kwa gesi au mvuke wenye kiasi cha kilevi kinachojulikana, na kila uhakiki uandikwe. Shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, OIML, lina mwongozo wake wa vipima ulevi, namba R 126, unaoeleza mashine inayotegemewa kama ushahidi iwe na usahihi gani. Mahakamani wakili anauliza kawaida tu: ni mashine ya aina gani, iliidhinishwa na nani kwa kazi hii, namba yake ya utambulisho ni ipi, mara ya mwisho ilihakikiwa lini, cheti kiko wapi, na aliyeishika alifundishwa wapi kuitumia. Vile vidude vya bei ya chini vinavyoning'inizwa kwenye funguo za gari vina kitambuzi cha aina nyingine, na hivyo huweza kudanganyika hata na asetoni inayotoka kwenye pumzi ya mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake haijadhibitiwa. Kama una kisukari, mwambie wakili wako mapema na uende na kadi ya kliniki.

Sasa lile la karatasi. Jamaa yako anasema bila karatasi hakuna kesi. Amekosea. Sheria yetu ya Ushahidi haidai idadi maalumu ya mashahidi wala haidai kila jambo liwe na karatasi. Askari mmoja anayeaminika, akieleza kwa kiapo alichokiona kwa macho yake, anaweza kutosha. Akisema uliongea kwa kulegea, ulishuka ukayumba, macho mekundu, leseni ikakudondoka mara mbili, na chupa ya uraka ilikuwa kwenye kiti, huo ni ushahidi, na ni mzito kuliko namba isiyo na mwenyewe. Akisema tu kwamba ulinuka pombe, hapo amethibitisha ulikunywa. Kunywa si kosa. Kosa ni kushindwa kulimudu gari, au kuzidi kiwango. Kwenye hilo la kwanza una jambo zuri: kwa maneno yako hukuiyumbisha kirikuu, na hakuna aliyeguswa. Mwache askari aeleze mwenyewe ni nini hasa kwenye uendeshaji wako kilichomtia shaka.

Ila karatasi ikiwepo, au ikija kujitokeza siku ya kesi, ina taratibu zake. Hairukii tu mezani kwa hakimu. Inaletwa na shahidi anayeijua: aliyeiandaa, aliyepelekewa, au aliyeitunza. Unaulizwa kama una pingamizi. Mahakama inaamua kuipokea, inapewa namba ya kielelezo, ndipo inasomwa kwa sauti. Mahakama ya Rufani ililiweka hili wazi tangu mwaka 2003: nyaraka haisomwi kabla haijapokelewa. Na ikipokelewa bila kusomwa mshitakiwa akaisikia, mara nyingi inakuja kufutwa kwenye rufaa. Kama ni karatasi iliyochapwa na mashine au taarifa iliyotolewa kwenye kumbukumbu yake, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaingia: mahakama inaangalia taarifa ilizalishwaje, ilitunzwaje, na kama mfumo ulikuwa ukifanya kazi sawasawa. Unaona tunarudi palepale kwenye uhakiki wa mizani.

Damu ina ulinzi mkali zaidi. Ungepelekwa Sokoine pale Lindi, au Ligula kama ingekuwa Mtwara, ingepaswa ijulikane nani alichukua damu, saa ngapi, kwenye kichupa gani, kilifungwaje kwa lakiri, nani alikibeba, kilikaa kwenye friji ya nani, na nani alikifungua maabara. Mnyororo huo wa makabidhiano Mahakama ya Rufani iliueleza kwa kirefu katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, na mpaka leo mahakimu wanaurejea. Ripoti ya Mkemia Mkuu wa Serikali inaweza kupokelewa, lakini unayo haki ya kuomba aliyepima aitwe umuulize maswali. Nimewahi kuona, sitasema wapi, sindano ya kupimia kilevi ikitanguliwa na pamba iliyoloweshwa spiriti. Spiriti ni kilevi! Mtu anasafishwa ngozi kwa kitu kilekile anachotuhumiwa kuwa nacho kwenye damu. Muuguzi hakuwa na nia mbaya, alifanya kama anavyomfanyia mgonjwa wa malaria.

Hukupimwa damu usiku ule, na asubuhi isingesaidia mtu yeyote. Mwili unaondoa kilevi taratibu, kwa wengi ni kati ya miligramu 10 na 20 kwa mililita 100 kila saa, na haukimbizwi na supu ya pweza wala maji baridi. Kutoka saa 4 usiku hadi saa 3 asubuhi ni saa 11. Hata kwa kasi ndogo kabisa, ile 86 ilikwisha. Kwa hiyo ushahidi wa damu umepita, kwao na kwako. Angekuwepo mtu aliyeamini kabisa kwamba hakuzidi, ningemwambia aombe mwenyewe, palepale kituoni, apelekwe hospitali haraka, na kama amekataliwa akumbuke saa na aliyemkatalia.

Tufike kwa shemeji na ushauri wake wa kukiri. Simpuuzi. Kukiri mapema kunahesabika wakati wa adhabu, kunaokoa nauli na siku za kazi, na kama kweli unajua moyoni kwamba gari lilikushinda, ni jambo la kiungwana. Lakini kukiri ili "yaishe" ni tofauti na kukiri unachokijua. Ukisema "ni kweli", hakimu anamwambia mwendesha mashtaka asome maelezo ya kosa, kisha anakuuliza kama unayakubali. Humo ndimo 0.41 itakaposomwa, pengine pamoja na maneno "akiwa ameshindwa kulimudu gari". Ukiitikia tena, umeyakubali yote: mashine ilikuwa nzima, namba ni ya damu yako, gari lilikushinda. Ukitaka kukata rufaa baadaye, mlango uliobaki wazi ni wa kulalamikia adhabu, kuwa kubwa mno au kutokuwa halali. Wa kupinga hatia unafunguka kwa sababu chache sana, kama vile kukiri kwako kulikuwa na utata au hati ilikuwa na kasoro. Adhabu yenyewe si faini tu. Kifungo kipo kwenye sheria, na leseni inaweza kusimamishwa. Kwa mtu ambaye kirikuu ndiyo inalisha watoto, hesabu ya leseni ianze kabla ya hesabu ya faini.

Kuna njia ya katikati ambayo watu hawaijui. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, kwa hiyo huna kisingizio cha kutoelewa wala wao hawana. Unaweza kusema kwa adabu: "Mheshimiwa, nilikunywa, lakini sikubali kwamba nilishindwa kulimudu gari, na kipimo hicho sikubaliani nacho." Hakimu ataandika kwamba umekana, kesi itasikilizwa. Mimi sitakufundisha useme hukunywa. Ulikunywa, watu wa arusi nzima walikuona, na ukidanganya kwenye hilo dogo hakuna atakayekuamini kwenye kubwa. Na tafadhali, kama kwenye ile chupa kulikuwa na nipa, yaani gongo ya mabibo, na si uraka, usilizungumze hilo koridoni kwa kujigamba. Gongo ina sheria yake tangu 1966.

Jambo moja linanisumbua ambalo hukuliandika: je, kituoni uliandika maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa mbele ya polisi, na kuyasaini? Wengi husaini asubuhi, kichwa kinagonga, wanataka watoke tu. Kama yapo, ndiyo ushahidi mkubwa zaidi dhidi yako kuliko mashine. Maelezo hayo yanapaswa kuchukuliwa ndani ya saa 4 tangu uwekwe chini ya ulinzi, isipokuwa muda ukiongezwa kwa utaratibu, na ulipaswa kwanza kuambiwa haki yako ya kutosema chochote na ya kumwita wakili au ndugu. Wewe ulikamatwa saa 4 usiku. Kama uliandikishwa saa 2 asubuhi, hizo ni saa 10, na pingamizi lake linatolewa pale yanapoletwa kama kielelezo, si baada ya hukumu. Hapo ndipo maelezo yangu ya maandishi yanapofika mwisho, kwa sababu lazima mtu ayasome yenyewe, aione saini na saa.

Kwa hiyo kabla ya tarehe yako mtafute wakili ana kwa ana. Kama mfuko hauruhusu, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwekwa kwa ajili ya watu wasioweza kulipa. Ulizia kwa wasaidizi wa kisheria wa wilaya, au kwa mawakili wa chama chetu cha wanasheria, TLS, walioko Mtwara na Lindi. Nenda na hati ya mashtaka, karatasi ya dhamana, lile daftari, na jina la yeyote aliyekuwa nawe kwenye kirikuu usiku ule. Abiria aliyekaa pembeni yako anajua ulivyoendesha kutoka Nyangao hadi Mnazi Mmoja kuliko mashine yoyote, na upande wa mashtaka pengine hawajamwita. Kwa wasomaji wengine: kama kwenye tukio kuna aliyeumia au kufa, usisubiri hata siku moja. Hiyo si kesi ya namna hii, na kila neno unalolisema kituoni bila wakili ni zito.

Na ikitokea ukatiwa hatiani na hujaridhika, notisi ya kusudio la kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu, Mtwara, inatolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Siku 10 huisha watu wakiwa bado wanachanga faini. Niandikie tena ukishaiona hati ya mashtaka, uninukulie maneno ya kosa kama yalivyo, na kama kuna popote walipoandika kipimo mbele ya hiyo 0.41.